Cuatro Si Saa Nne

Dada yangu Vero,

Mwaka ule kabla hujaenda utawani Hispania, tulikuwa vibarua wa zabibu Makutupora. Daftari lako la Kihispania ulilifunga kiunoni ndani ya kanga, na kila tulipohamia mstari mwingine uliniuliza saa kwa Kihispania. Siku moja nikajibu, "Las cinco menos cuarto," yaani, kwa hesabu yao, tano kasorobo. Ukacheka, ukasema kumbe hawa watu ni ndugu zetu, nao wana kasorobo! Kilichonishinda ni hesabu. Saa moja yetu ya asubuhi, kwao ni saba. Ukanionya, "Usitafsiri namba, mdogo wangu. Toa sita au ongeza sita."

Ulipoondoka tuliendelea na mchezo huo kwenye ujumbe wa simu.

Naandika hapa mtandaoni, mbele ya watu, kwa sababu kila nikikupigia naishia kuzungumzia mengine. Ni habari ya Mama. Ulijua hali yake ilivyokuwa, ukaomba ruhusa kwa mkuu wako, ukaniandikia: "Llamo mañana a las cuatro, kwa saa za huko nyumbani." Nikasoma cuatro, nikaona nne. Nikamwambia Mama kesho utapiga saa nne asubuhi.

Alitaka aogeshwe. Akavaa kile kitenge cha kijani ulichomwachia, nikamwegemeza kwenye mito, simu akaishika mwenyewe. Saa nne ikapita. Saa tano. Nikakupigia, hupatikani.

"Labda ni mtandao, Mama."

"Si mtandao. Kasahau. Huko wana kazi nyingi."

Saa saba akaomba nimlaze, akageukia ukutani.

Simu iliita saa kumi kamili. Hapo ndipo nilipoelewa: cuatro yao ni saa kumi yetu. Nilimwekea sikioni. Ulikuwa unaita, "Mama! Mama!" Naye anapumua tu. Nikaichukua simu nikakudanganya: "Amelala, dada. Leo ameamka vizuri." Hakuamka tena.

Tangu hapo hukosi kuniuliza kama siku ile alikutaja. Najibu ndiyo, alikutaja kwa upendo, halafu nabadilisha mazungumzo upesi.

Alikutaja kweli. Nilipokuwa namlaza alisema, "Mwambie Vero nimemsamehe." Sikukufikishia. Ningekufikishiaje, dada, na wewe hukuwa na kosa lolote?

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Ila usiache kupiga. Safari hii nitasema.

Ni mimi,
Mdogo wako