Uzi Mmoja Mwaka Huu

Almora, siku ya nne ya mvua

Mpendwa mdogo wangu Harish,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti la mkeo limepunguza maumivu. Sisi huku tu wazima, ila paa la jikoni linavuja. Ndani ya bahasha umo uzi wako wa rakhi, ule dada anaomfunga nduguye wa kiume kila mwaka. Sikukuu ya ndugu ikifika, binti yako akufungie mkononi kwa niaba yangu.

Jumanne alinijia Deepa Rawat, karani wa msajili, niliyemfundisha uraia darasa la nane. Alisema jirani yetu Janki amenishtaki: mjane wa miaka sitini na nane anaishi kinyumba na mpangaji wake, Tribhuwan. Kwa sheria mpya ya jimbo letu, wanaoishi hivyo bila ndoa lazima wajisajili, la sivyo jela miezi mitatu. Fomu ni kitabu kizima.

Nilimpa chai, nikamuuliza swali la darasani: sheria ni ya nini? Akajibu vizuri, kumzuia mtu asimuumize mwenzake. Nikamuuliza hapa kaumia nani. Akasema labda Janki, maana hapati usingizi kwa kutuchungulia. Tulicheka. Kisha akanisihi: Mwalimu, mtaa mzima unajua huyu ni kaka yako wa rakhi, andika mstari mmoja tu kwamba ni kaka, nami nifunge faili. Tribhuwan, aliyekuwa akimenya vitunguu, alisema andika bibi wee, jela nani atanikuna mgongo?

Sikuandika, Harish, kwa sababu si kaka yangu. Miaka tisa nilimfunga uzi mbele ya majirani, na mlango ukishafungwa alininyooshea mkono nimfungue uzi ule. Hata wewe ulimletea peremende ukimwita ndugu. Kwa uongo huo nakuomba radhi. Kwa kumpenda, siombi.

Nilimrudishia Deepa fomu yake na kalamu yake. Nilimwambia serikali iniulize kama nimeiba, nimepiga au nimemlazimisha mtu. Kitandani kwangu haina la kuuliza. Ijumaa tumeitwa kwa ofisa. Tutakwenda wote wawili, mchana, tukipita mlangoni kwa Janki.

Usije kunishawishi. Ukija, njoo ule. Tribhuwan ndiye mpishi. Na ukiona aibu kuvaa uzi wangu, uweke tu kabatini, sitakulaumu. Ila ujue mwaka huu nilinunua mmoja, nao ni wako.

Mbusu binti yako, na mkeo asipande ngazi.

Dada yako,
Kaushalya