Picha Uliyoniomba

Mlalo, Lushoto

Kaka Kristian,

Leo sikuamkii. Huku mvua zimeanza, viazi vimeota vizuri, na Loveness, yule mwalimu jirani yetu, amenifundisha kutengeneza picha za akili mnemba kwenye simu. Unaandika unachotaka, picha inakuja. Ya kwanza nilimtengenezea mama akiwa na sare ya kwaya. Ilimpa vidole sita! Alicheka mpaka akakohoa.

Sasa mama hayupo, nawe umenipigia unataka nikutengenezee picha ukiwa umebeba jeneza lake, ili wakwe zako wa Tanga waamini ulikuja kumzika. "Niweke mbele, nikilia kidogo," ulisema.

Nimeandika nilichokiona mwenyewe: mama kitandani, simu sikioni, anakupigia na hupokei. Picha iliyotoka nimemtumia mama mkwe wako, na chini nimeeleza: "Picha imetengenezwa na mashine, lakini jambo lenyewe lilitokea. Mazishini Kristian hakuwepo."

Amejibu. Jumapili wanakuja kunipa pole, yeye na mkeo. Wameomba usiambiwe, ndiyo maana nakuambia. Usije. Kuku nimeshawachagulia.

Mdogo wako,
Jenoveva