Mizani ya Shangazi na Mstari Wangu Mmoja

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu, na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mtu ninayejivunia kazi yangu na sijazoea kuomba ushauri kwa mtu yeyote. Natengeneza programu za kompyuta, na kliniki ya watoto ya mtaani kwetu ilinipa kazi ya kuunganisha programu zao mbili, ile kuukuu inayotunza uzito wa watoto na mpya inayochora maendeleo yao, zilizoandikwa kwa lugha mbili tofauti za kompyuta, kazi iliyowashinda wawili kabla yangu, mimi nikaimaliza kwa wiki tatu, zikawa zinaishi pamoja na kusemezana kama mtu na dadake, nikapewa cheti, kimetundikwa pale mapokezi na kila nikipita nakisoma upya.

Sasa anayepima watoto pale ni shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Ana miaka ishirini na mbili kwenye mizani ile, na kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza huikagua kwa jiwe lake la kilo mbili, anainama mpaka miwani inagusa kioo, kisha kila uzito anauandika kwa penseli kwenye kadi, sita nukta nane, siyo "karibu saba", ndipo karani aingize kwenye kompyuta, na ukimuuliza mbona anachelewa atakwambia, "Wewe mkono wako uko kwenye vitufe, wangu uko kwenye mtoto." Mwezi uliopita michoro ikaanza kuonyesha watoto hawaongezeki, mama mmoja akaambiwa mwanawe hakui, akalia pale pale kwenye benchi, kikao kikaitwa, nikaulizwa kama programu ina tatizo, nami nikajibu kifua mbele, "Kwangu inafanya kazi!" Basi lawama zikamwangukia shangazi, eti macho yamechoka na anakata desimali kwa uvivu, na Jumatatu anahamishiwa stoo ya mablanketi. Alikunja tu aproni yake.

Juzi nikaliona kosa. Ni mstari mmoja, nimeuandika mimi, unaiamuru programu mpya ikiamka ifuate mazoea ya mashine iliyoikuta, hata ya kuandika namba, nikadhani amri inaihusu yenyewe tu, kumbe kwa kuwa zinaishi pamoja inaikamata na ile kuukuu. Kompyuta yangu inaandika desimali kwa nukta, ya kliniki imepangwa koma, kwa hiyo ile kuukuu ikikuta 6.8 inasoma sita, inafika kwenye nukta, haiijui, inaishia hapo. Mshauri, naweza kuufuta kimyakimya na hakuna atakayejua, watoto watanenepa kwenye mchoro na shangazi atazoea stoo, lakini sili nikashiba, na kile cheti siwezi kukitazama. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Cheti

*

Fundi Mwenye Cheti,

Kukucheka sikucheki, ila ungekuwa karibu ningekuvuta sikio. "Shangazi atazoea stoo"! Na huo mkono ulioandika hivyo, nani aliufundisha kushika penseli?

Pole, najua inauma. Kuunganisha programu zilizowashinda wenzio si mchezo, jivune, hujaiba. Lakini ulipoulizwa kikaoni hukuitazama mashine ya kliniki, ulijitazama mwenyewe. Shangazi yako anaikagua mizani kila siku kabla ya kuiamini. Wewe kazi yako uliikagua lini, tena wapi? Nyumbani kwako!

Mimi kompyuta naijua kwa kuandika majibu haya tu, kwa hiyo nimemuuliza fundi mitambo wa gazeti letu. Kasema ufute mstari huo, kila programu iambiwe waziwazi namba zake zinaandikwaje, isiachiwe kubahatisha kwa mashine iliyoikuta, kisha uziamshe zote mbili pamoja, hapo hapo kliniki, uingize 6.8 utazame kama inatoka 6.8. Halafu uzito wote wa mwezi uingizwe upya. Kutoka wapi? Kutoka kwenye kadi za shangazi yako, baba, zile za penseli, ambazo kikao kizima hakikukumbuka kuzifungua.

Na usifanye lolote kati ya haya kimyakimya. Jumatatu mapema, kabla hajarudisha aproni, mwombe muuguzi mkuu awaite wote waliokuwepo kwenye kikao kile, siyo nusu yao. Sema "kosa ni langu" kwa sauti ile ile uliyosemea "kwangu inafanya kazi". Yule mama wa benchini mfuate mwenyewe, umwambie mwanawe anakua. Akikufokea, vumilia.

Cheti usikishushe, huko ni kujionea huruma tu. Mtoto wa kwanza akishapimwa asubuhi hiyo, mwombe shangazi yako aje mbele ya kompyuta na kadi yake mkononi. Mwache ainame mpaka miwani iguse kioo. Akisema, "Ndiyo, sita nukta nane," nenda sasa mapokezi ukakisome cheti chako.