Harbans Kaur na Karai Lisilotiwa Maji

Mama Simrat, Harbans Kaur wangu, leo mwaka umetimia tangu utuache hapa mjini Nakodar, na nimeona niyaseme haya mwenyewe kabla majirani hawajayaharibu.

Mtaa mzima unakukumbuka kwa alu gobi, viazi na koliflawa ulivyovipika bila tone la maji. Kifuniko juu, moto mdogo, mvuke wake wenyewe unamaliza kazi. Hukula kabla bakuli moja halijavuka ukuta kwenda kwa mjane wa jirani.

Kisha kiharusi kikakufunga kitandani miezi kumi na minne, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Simrat wetu alikuwa kazini mbali, mji wa Ludhiana. Ukaniambia, "Baba Simrat, binti anaolewa Februari mwakani. Nakufundisha wewe kwa mdomo, wewe umfundishe yeye. Nikifa na hiki kitu kichwani, sitakuacha ulale."

Siku ya kwanza niliunguza mpaka watu wakaja na ndoo. Siku ya pili nikakimbilia kwa Tilak, kwenye mgahawa wa madereva wa malori, nikarudi na bakuli chini ya shali. Ukala. Ukasema, "Unajitahidi."

Basi nikanasa. Kila adhuhuri niligonga mwiko kwenye karai tupu usikie, nikasingizia chumvi imekwisha, nikatoka. Kwa kuwa nilikawia, ilibidi nirudi na sababu. Nikakwambia fahali amepanga foleni benki na keshia amemhudumia kabla yangu. Nikakwambia mkulima mmoja kavuna koliflawa kubwa, mbuzi sita wanalala kivulini pake. Chumvi tuliyokuwa nayo ingetosha wilaya.

Januari Simrat akaja kujifunza. Ukaamuru kitanda chako cha kamba kisogezwe mpaka mlango wa jikoni. Nilishika mwiko kama nimeshika nyoka. Nikamimina maji, karai likapiga kelele.

"Maji hayo!"

"Ni jasho langu, mama Simrat."

"Jasho! Mwaka mzima nakula nyanya za Tilak. Mimi nimetia nyanya lini?"

Simrat alicheka mpaka akakaa chini. Nikakuuliza, kama ulijua, mbona ulinyamaza?

"Ningesema, ungebaki jikoni. Yule fahali ningeletewa na nani?"

Ukatufundisha wote wawili, umefumba macho, unalisikiliza karai. "Bado. Bado, we mzee, ondoa mkono! Haya, funua." Mara ya nne ikatoka ile yenyewe. Simrat anaipika kwake sasa, na hatii maji. Wiki tatu baada ya harusi ukaenda zako, uso umetulia.

Nami naipika vizuri, na hiyo ndiyo taabu yangu. Sina tena cha kunitoa nyumbani. Nimehamia chumba chako, na ule ukuta wa dirishani nautazama mimi. Juzi tembo kapita stendi, tiketi kaishika kwa mkonga, anagombana na kondakta kuhusu kiti cha mbele. Sijapata wa kumwambia.

Tunaokukumbuka: mumeo Mohinder Singh, binti yetu Simrat na mumewe Gurnek, na dada yako Satnam.

Hakuna siku tutakayokusahau.