Mashimo Nyuma ya Mtambo

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwa dada, umekaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, kifua kimetulia na dawa unazimeza kwa wakati wake, si kuzificha chini ya mto kama dada alivyonishtakia. Wape wajukuu salamu zangu, na umwambie shemeji nimepata ujumbe wake kuhusu paa. Mimi ni mzima wa afya, ila nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Naamka nao, nakunywa nao chai, naenda nao ofisini.

Uliniuliza kupitia dada kama kweli mtambo wako wa dizeli umezimwa, na kwa nini kazi ya umeme wa jua imesimama. Nitajibu yote mawili, na lipo la tatu ambalo hukuuliza. Naomba uisome barua hii mwenyewe, usimpe shemeji akusomee kwa sauti mbele ya watoto.

Mtambo haujazimwa. Unawashwa saa nne kwa siku, na unakohoa kuliko wewe. Fundi aliyeshika nafasi yako anasema silinda ya tatu anaibembeleza kama mtoto mgonjwa, na vipuri alivyoomba mwaka juzi bado anavisubiri. Ukutani pale mlangoni bado pana mwandiko wako wa chaki, ile orodha ya siku za kubadilisha oili. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifuta.

Kuhusu umeme wa jua, unajua mji wetu na ule wa ng'ambo ya mpaka inatenganishwa na kilomita nne na bikoni moja ya saruji, ile alama ya mpaka. Serikali kuu zote mbili ziko mbali, na kila moja imetuahidi umeme wa uhakika mpaka tukazizoea ahadi zenyewe. Ndipo halmashauri hizi mbili ndogo zikaamua kushikana mikono. Sisi tutoe uwanja wa mtambo, kwa kuwa uko jirani na mpaka, ni tambarare, una uzio na nyaya zote zinaanzia pale. Wao walete paneli, betri na mafundi, kisha laini ivuke mpaka iwashe zahanati yao na pampu ya maji. Dizeli ingebaki historia, pande zote mbili.

Ni rahisi kusema, Baba. Tumekaa miaka mitatu na vikao ishirini na sita. Vikao viwili vizima tulibishana juu ya muhuri, maana wetu ni wa duara na wao ni wa mraba, na karatasi ilikuwa na nafasi ya mmoja tu. Kanuni zao zinataka nguzo za zege, zetu zinataka za miti, kwa hiyo laini itafika kwenye bikoni ikiwa ya miti na itaendelea mbele ikiwa ya zege. Wewe ungecheka mpaka kifua kikubane. Mimi niliandika kumbukumbu za kikao na kuzipigia mihuri yote miwili.

Kwa sababu mwanzoni hatukuaminiana, tulijiwekea utaratibu wa kusomeana. Taarifa ya upande wetu inasomwa kwa sauti na karani wao, na ya kwao ninaisoma mimi, na aliyeisoma ndiye anayetia saini ya kwanza. Wazo lilikuwa kwamba neno likishapita kinywani mwako huwezi kulikana baadaye. Karani wao ni mama wa makamo tunayemwita Nukta, kwa kuwa akifika mwisho wa sentensi husimama, hukutazama usoni, ndipo huendelea. Mwanzoni alikuwa akinikera. Baadaye nikawa nasubiri vikao kwa ajili yake tu, maana katika ukumbi ule wa watu wanaosinzia, yeye alikuwa anasikiliza.

Taarifa yetu ya uwanja ilisema ardhi ile ni safi na haijawahi kumwagiwa wala kufukiwa mafuta. Nukta akaisoma kwa sauti yake ya taratibu mbele ya madiwani wa miji yote miwili. Akasimama, akanitazama, akatia saini. Tukapiga makofi, tukapeana mikono, wakaja mafundi.

Mafundi walianza kuchimba mashimo ya kusimika vyuma vya kushikia paneli, kisha mvua ikanyesha wiki mbili mfululizo. Kisima cha zahanati yao kiko bondeni, ng'ambo tu ya bikoni. Muuguzi mmoja alichota maji ya kuoshea vidonda, akaona utando wa rangi rangi ukielea juu ya ndoo, na harufu ambayo wewe ungeitambua hata ukiwa usingizini. Maji yakapimwa. Yalikuwa na mafuta. Kisima kikafungwa, na sasa akina mama wanaokuja kujifungua pale wanakuja na madumu yao ya maji kutoka nyumbani.

Watu wa kule hawakuja kutugombeza sisi. Walimgeukia Nukta. Si yeye aliyewasomea kwamba ardhi ni safi? Walisema ama amefanywa mjinga ama amenunuliwa, na sokoni wakamwuliza anasoma kwa macho au kwa tumbo. Halmashauri yake ikamwondoa kwenye kamati. Kikao kilichofuata kiti chake kilikaliwa na kijana anayesoma mbio mbio bila kumtazama mtu.

Jumatatu Nukta alivuka mpaka kwa miguu akaja ofisini kwangu. Nilimkaribisha kiti, nikampa maji. Hakuleta ugomvi, wala hakuniuliza ni nani aliyemwaga mafuta. Aliniuliza swali moja:

"Ulipoandika ile taarifa, ulikuwa unajua kwamba mimi ndiye nitakayeisoma?"

Nikamjibu ndiyo. Akasema hilo tu ndilo alilotaka kujua, akamaliza maji yake, akaenda zake.

Baba, nilijua. Hili ndilo la tatu. Nilikuwa darasa la tano, nimekuletea chakula cha mchana wakati wa likizo, nikakukuta nyuma ya chumba cha injini na wenzako wawili mkimimina oili chafu shimoni. Uliniambia nisisogee, nitaharibu viatu. Nilipokuuliza inakwenda wapi ukasema ardhi itaimeza. Miaka yote hiyo sikuisahau, na karatasi iliponiuliza wazi wazi kama pamewahi kufukiwa mafuta, niliandika kwamba hakuna. Nilijidanganya kwamba nauokoa mradi. Ukweli ni kwamba nilikiwaza cheti chako cha kustaafu kilichotundikwa sebuleni kwa dada, nikaogopa atakuja mtu kukishusha.

Jumatano nilisimama kwenye kikao cha pamoja nikayasema haya yote. Nilisema uongo ni wangu, na Nukta alisoma nilichompa. Waliponiuliza nimejuaje habari za shimo, nilisema aliyekuwa akimwaga ni baba yangu. Nisamehe. Nimekutaja mbele ya watu bila ruhusa yako, na mwenyekiti wetu aliinamisha kichwa.

Lakini sikukuacha peke yako, Baba. Usiku wa kuamkia kikao sikulala, na asubuhi nilishuka stoo ya majalada nikafukua faili la mtambo. Nilizikuta barua zako mbili za kuomba halmashauri ilete mapipa na lori la kubebea oili chafu. Ya pili umeandika "tafadhali sana" na kuipigia mstari. Hakuna jibu hata la mstari mmoja. Ya tatu haipo, na naelewa kwa nini haipo, maana sasa najua jinsi mtu anavyochoka. Nilizisoma zote mbili pale ukumbini, na safari hii ni madiwani wa kwetu walioangalia chini.

Halmashauri zimekubaliana kuifukua ardhi ile pamoja, ziifukue mpaka iwe safi, ndipo paneli zisimikwe. Nukta amerudishwa. Wenzako wawili uliokuwa nao siku ile wote wametangulia mbele ya haki, na katika faili hakuna ramani ya kitu chochote. Umebaki wewe tu unayejua. Alhamisi ijayo Nukta na mwenyekiti wetu watakuja kwa dada na mchoro wa uwanja na kalamu nyekundu. Niliwaomba wanipe nafasi nikuandikie kwanza, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa halmashauri aifikishe mkononi mwako.

Nimeshaandika taarifa mpya. Imeandikwa yote, isipokuwa pale panaposema mafuta yalifukiwa katika mashimo mangapi. Nafasi hiyo nimeiacha wazi. Mimi nililiona shimo moja tu, na miaka yako pale ilikuwa thelathini na mmoja. Ukikataa kusema, nitalazimika kuandika moja, nawe unajua ni nani atakayeisoma taarifa hiyo kwa sauti.

Mwambie dada awaandalie chai wageni. Sina zaidi, ila nakuombea pumzi nzuri na usingizi wa kutosha, nami nipate kidogo. Ukinikasirikia, nikasirikie baada ya Alhamisi.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Karani