Kikohozi Nyuma ya Migomba

Kaskazini mwa Chile, mlimani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mpunga, umesalimika, au mto Songwe umerudia tabia yake ya kufurika? Mimi ni mzima, ila midomo imepasuka kwa ukavu, na hewa ya huku ni haba mpaka nikipanda ngazi nahema kama niliyebeba gunia.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni ipi, mtandao ukakata. Ngoja nikueleze kwa utulivu.

Ziko nyota kubwa mno ambazo zikifa hulipuka na kutoa miale mikali isiyoonekana kwa macho. Ni ya muda mfupi, lakini vyombo vilivyoko angani huinasa. Mara nyingi hubaki mwanga hafifu, nasi tunaufuata mpaka kwenye galaksi, yaani lile kundi kubwa la nyota ambamo marehemu aliishi. Ila milipuko mingine haiachi mwanga wowote. Tunashuku kwao kumejaa vumbi, nalo limeuziba. Mimi natafuta nyumba hizo zenye vumbi.

Safari hii tulipewa nafasi moja tu kwenye darubini kubwa ya redio, inayoweza kuhisi joto la vumbi lenyewe. Tulikuwa na milipuko miwili ya kuchagua. Mmoja ulitokea penye galaksi inayong'aa vizuri, na wenzangu wote waliutaka huo. Wa pili, picha zake zote zilikuwa tupu. Mimi niliutaka huo mtupu, na mkataba wangu ulikuwa unaelekea kuisha.

Kiongozi wetu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aliniuliza, "Kwa nini tupeleke nafasi yetu mahali pasipo na kitu?"

Badala ya hesabu nikajikuta namsimulia habari zako na Babu. Kwamba kwetu mke hamtazami baba mkwe wake, na wewe tangu uolewe hapo Ngana hujawahi kumwona Babu usoni. Akitaka kupita hukohoa kwanza nyuma ya migomba, nawe unavuta khanga kichwani na kumwachia njia. Sahani yake nilikuwa naipeleka mimi. Lakini alipoanza kuumwa kifua, wewe ndiye uliyejua kwanza, kwa kusikia kikohozi tu.

Kiongozi akasema, "Haya. Sasa nionyeshe na hesabu." Nikamwonyesha. Akakubali, ila jina kwenye ombi likawa langu peke yangu, ili tukikosa lawama iwe yangu.

Siku data zilipofika nilizifungua kabla ya chai. Mama, pale palipokuwa patupu pana doa. Limefifia, lakini lipo: vumbi lenye joto, na ndani yake nyota zinazaliwa ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Nililia kidogo mbele ya watu. Bado sijui galaksi hiyo iko mbali kiasi gani wala ina umbo gani. Na sijui tumezipita ngapi za namna hii tukidhani ni giza tu. Hilo ndilo linalonichokonoa kila siku.

Mkataba wameuongeza. Ndiyo maana sitafika kwa mavuno kama nilivyokuahidi, na inaniuma, kwa sababu nasikia Babu hatoki tena nje.

Msalimie mdogo wangu Lusajo, anayekusomea barua hii kwa kuwa macho yako hayaoni vizuri, na asiruke sehemu za nyota. Msalimie shangazi Subilaga wa Busale, na mwenye duka pale mjini aliyenifungia mchele wa safari. Umeisha, na wa huku hauna harufu.

Salamu zangu kwa Babu zifikishe kwa njia yenu ileile. Simama nje ya dirisha lake, sema kwa sauti kama unaongea na Lusajo, kwamba Atupele ameiona nyumba aliyokuwa akiitafuta. Kisha usiondoke upesi, usikilize.

Akikohoa kunijibu, naomba mniambie siku hiyohiyo.

Ndaga fijo, Mama, asante sana.

Mwanao,
Atupele