Picha za Baba Kabla ya Arobaini

Doha,
Ijumaa, baada ya swala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi mguu, umepungua kuvimba? Na usingizi, unaupata sasa? Mimi sijambo, kazi ipo na joto lipo. Baridi pekee ninayoijua hapa ni ya ofisini, ambako nakaa na sweta kama niko milimani Vugiri.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti juu, na wageni wa msiba wote wanatusikia. Haya si ya wageni. Kaka Shabani ataichapa barua hii kwenye mashine ya studio ya Baba na kukuletea hapo ndani unapokaa eda. Najua ataisoma kwanza. Asome tu, yumo.

Mama, picha za Baba zilikaribia kupotea zote. Sasa zipo salama, kwa hiyo tulia usome taratibu.

Unakumbuka likizo yangu ile niliyokaa mwezi mzima na Baba studio, chumba cha mbele, tukiingiza picha zake za miaka yote kwenye kompyuta. Mchwa walikuwa wameshaanza sanduku la filamu, na mwaka uliofuata walilimaliza. Zilikuwa picha maelfu kwa maelfu: harusi za Old Korogwe, wakata mkonge, watoto wa shule, wazee wa Handeni waliotaka picha moja tu maishani. Baba alizipanga mwenyewe kwenye folda, kila folda na jina lake, hata ile ndogo ya picha zenye sura yake. Mimi nikaiunga ile kompyuta na hifadhi ya mtandaoni, ili kinachoingia hapo nyumbani Masuguru nikione na huku Doha. Laptopu yangu ni ndogo, haiwezi kubeba mzigo wote ule, kwa hiyo inanionyesha majina tu na kuivuta picha ninapoifungua.

Baba alipofariki, ukasema kama alivyokuwa akisema Bibi, kwamba sura ya marehemu isionekane ndani ya nyumba mpaka arobaini ipite. Picha ya ukutani ikashushwa. Lakini ile kompyuta ikikaa bila kuguswa hupitisha picha zenyewe kwenye kioo, na mlango wa studio uko wazi. Siku ya tatu baada ya maziko ukamwona Baba anacheka na kofia yake, ukalia upya. Ndipo ukamwambia Kaka aziondoe zote zenye sura yake.

Kaka akaziondoa. Alizifuta.

Mimi sikuwa na habari. Sikuja kumzika baba yangu, Mama, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Nilichoweza ni kuhesabu siku kwenye kalenda ya jikoni. Siku ya thelathini na moja nilishindwa kuvumilia. Naomba unisamehe, nilijua mwiko upo, lakini nilitaka kumwona. Nikafungua laptopu, na ile folda yake haikuwepo.

Nikampigia Kaka.

"Kaka, folda ya picha za Baba iko wapi?"

"Si ziko huko kwako?" akajibu. "Mimi nimefuta za huku tu. Arobaini ikipita utatushushia."

"Kaka, hakuna za huku na za huko. Ni zile zile. Ukifuta huko, na huku zinafutika."

Akasema, "Sasa Rehema, mama nitamwambia nini?"

Yeye ni mkubwa wangu, kumgombeza siwezi, na kusema kweli kosa kubwa ni langu. Kazi inayoniweka hapa ni kutunza michoro ya majengo, na kila wiki nawaambia mainjinia kwamba kulandanisha, yaani kufanya cha huku kiwe sawa na cha huko, siyo kuweka akiba, lazima nakala nyingine ikae pembeni. Nyumbani kwetu sikuiweka. Nilimwambia Kaka "ziko juu huko", naye akaniamini.

Ile hifadhi huwa haitupi kitu papo hapo. Ukifuta, kinakaa kwenye pipa la taka siku thelathini, ndipo kinapotea moja kwa moja. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Tungengoja arobaini kama Kaka alivyopanga, tungekuta pipa tupu.

Kabla ya kurudisha nikamwambia Kaka aiondoe kwanza folda ile kwenye orodha ya zinazoshuka kwenye kompyuta ya Masuguru, zisije zikarudi kwenye kioo mbele yako. Halafu nikazirudisha, nikafungua moja moja kuhakikisha. Mia mbili na kumi na sita, zote zimo. Nimeshanunua diski mbili: moja inabaki kwangu, nyingine naituma na mtu ikakae Handeni kwa Mama Mdogo.

Sasa nikuambie nilichokiona. Kwenye picha zile Baba hana utosi. Nyingi zimemkata juu ya nyusi, nyingine zimepinda, na tatu zina kidole. Unajua Baba alivyokuwa. Mteja akitoka bila utosi, alimwita arudi apigwe upya bure, picha mbovu haikutoka mlangoni kwake. Nikashangaa hizi alizihifadhi za nini. Nikarudi kusoma jina aliloandika mwenyewe kwenye folda: "Alizopiga Mama Shabani, zisiguswe."

Hakurekebisha hata moja, Mama.

Msalimie Mama Mdogo, na umshukuru kwa kuacha shamba lake Handeni aje akae nawe. Wifi yangu mwambie vitenge alivyoagiza nimeviona, rangi ile ipo. Mzee fundi cherehani wa jirani mpe shikamoo yangu, nimesikia ndiye aliyesimamia sanda. Kaka naye asijifiche, sina kinyongo.

Arobaini ikishasomwa, mwambie Kaka akuletee kompyuta hapo kitandani. Nitazishusha siku hiyo hiyo. Zitazame kwa mpangilio wake, anza na ile ya kofia. Anacheka kwa sababu anakutazama wewe.

Mwanao akupendaye,
Rehema